Mwaka Gratien Aliposhika Kamba Yangu

Tuliporudi kutoka kumzika Mzee Ferdinand, walitupanga chini ya turubai nyuma ya nyumba yake huko Kamembe, viti vya plastiki vikiwa vimebanana kiasi kwamba magoti ya mtu yaligusa mgongo wa aliye mbele. Nilikaa karibu na Gratien, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka sita. Kidevu chake kimeota mvi, na bado ana tabia ya kukaa ukingoni mwa kiti kana kwamba kiti kinaweza kuondoka. Mwanamke mmoja kijana aliyekuwa akigawa fanta alimtazama, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa sauti iliyofika hadi safu ya nyuma: “Maman Aline, ni kweli huyu papa njo alikuangushaka?” Watu walicheka, kicheko kile cha msibani kinachotafuta mlango wa kutokea. Maman Solange, ambaye tulikuwa naye mwaka ule, akaongeza chumvi: “Alimwachilia sawa mufuko ya mihogo! Miye nilikuwa pale, nilisikia vile alifika chini, pooo!” Gratien alitabasamu huku akiitazama chupa yake. Hajawahi kujibu, miaka yote hii, na mimi ninayelijua jibu nimekuwa nikicheka pamoja na wengine. Safari hii sikuweza. Nilifika nyumbani nikatafuta daftari.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimemaliza masomo ya ualimu bila kupata darasa, nikawa nauza madaftari na kalamu katika duka dogo karibu na stendi ya Kamembe, na watu bado waliniita Vestine, si Maman Aline. Mzee Ferdinand alikuwa amefanya kazi ya kupanda nguzo za umeme upande wa Bukavu kwa miaka mingi, baadaye akawa anawaongoza wageni kwenye milima. Uzeeni alikodi bohari la zamani la kahawa, nasi tuliliita depo, akasimamisha ndani yake ukuta wa mbao uliofika hadi kwenye boriti za paa. Fundi seremala alichonga vishikio vya mikaratusi, vingine vikubwa kama sabuni ya kufulia, vingine vidogo kama kiberiti, akavipaka rangi nyekundu na njano, akavikaza ukutani kwa skrubu. Chini tulitandika magunia yaliyojazwa makapi ya kahawa ili anayeanguka asikutane na saruji. Ukiingia kutoka kwenye jua ulikuwa huoni kitu; ulisikia kwanza harufu ya makapi, halafu sauti ya mtu anayehema mahali fulani juu yako, ndipo macho yalipozoea ukamwona, amejibana ukutani, mguu mmoja unatetemeka.

Mwezi wa saba wa mwaka ule Mzee alikuwa awapeleke watu wanne Ruwenzori. Tulioanza tulikuwa wanane, na hakuna aliyewahi kupanda kitu kirefu kuliko mwembe. Mzee alitueleza kwamba sehemu kubwa ya mlima ule ni kutembea, matope na mawe na baridi, lakini karibu na kilele kuna mwamba, na baada ya mwamba kuna barafu, na hapo mtu hafungwi kamba peke yake. Kwa hiyo hakuwa akichagua watu, alichagua jozi. Jozi mbili zingekwenda, na watakaokwenda na kurudi ndio angewabakiza kuwa wasaidizi wake. Niliitaka nafasi ile kwa namna ambayo leo inaniaibisha kidogo. Nilikuwa nimechoka kuwauzia wenzangu kalamu za kwenda nazo kazini. Gratien, mvuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, kutoka kisiwa cha Nkombo, alikuwa na sababu yake, na aliisema mara moja tu, tukiwa tunafunga viatu: “Tangu nazaliwa minaona maji inatembea. Banasema kule juu maji inasimama. Nataka niione.”

Niieleze kamba kidogo, maana bila hiyo kosa la Gratien halieleweki. Anayepanda amevaa mkanda mpana kiunoni na mapajani, na kamba imefungwa mbele ya mkanda huo. Kamba inakwenda juu hadi kwenye boriti, inapita katika pete ya chuma, inashuka mpaka kwa mwenzake aliyesimama chini. Huyo wa chini naye ana mkanda, na kamba inapita katika kichuma kidogo mbele ya kiuno chake, tulichokiita breki. Mwenzako anapopanda, unavuta kamba isilegee. Akianguka, una kazi moja tu: mkono wa kulia, ulioshika kamba inayotoka kwenye breki, unashuka hadi kwenye paja na kufumba. Kamba inajikunja ndani ya kichuma, inakwama, na mwenzako anabaki hewani. Mtu mwembamba anaweza kumshika mnene kwa njia hiyo bila kutoka jasho. Lakini mkono ukifunguka, hata kwa muda wa kupepesa jicho, kile kichuma ni pambo tu.

Mzee alinipanga na Gratien kwa sababu uzito wetu ulikaribiana. Alikuwa akifika saa tatu asubuhi moja kwa moja kutoka ziwani, ananuka samaki na mafuta ya taa, macho mekundu, na kabla ya kuvaa mkanda alikunywa chai ya tangawizi akiwa amesimama. Nilipochoka ukutani na kumwambia naketi, yaani naachia ukuta nining'inie kwenye kamba, alinipokea taratibu, kamba ikilegea kidogo kabla ya kukaza, kama mtu anayeweka mayai mezani. Wengine walishuka wakisugua mapaja na kulalamika kwamba mikanda imewakata. Mimi sikuumia hata siku moja. “Gratien, unashika laini,” nilimwambia. “Vizuri sana, endelea hivyo hivyo.” Kusifu ndicho kitu cha kwanza nilichojifunza katika ualimu, na nilikitumia kama chumvi. Wiki ya nne nilitazama chini wakati mguu wangu unateleza kidogo, nikauona mkono wake wa kulia ukifunguka, halafu ukafumba. Ilikuwa haraka sana. Nilijua si sawa, kwa kuwa Mzee alituimbia jambo lile kila siku. Sikusema kitu, kwa sababu ile namna ya kushikwa ilinifaa.

Hilo ndilo jibu ambalo Gratien hakulitoa pale msibani. Ningelisema wiki ya nne, yote yaliyofuata yasingekuwepo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu tangu tuanze. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na nilikuwa nimebakiza vishikio viwili kufika kwenye boriti. Kishikio cha mguu wa kushoto kikazunguka kwenye skrubu yake. Sikuwa na nafasi ya kusema naketi. Nilianguka kweli, na mkono wa Gratien ukafanya kile ulichokuwa unafanya siku zote: ukafunguka kidogo ili ufumbe polepole. Safari hii kamba ilikuwa na mwendo na haikungoja. Aliikamata kwa mikono yote miwili, nikapungua kasi, lakini nilikuwa nimeshafika. Nilisikia kitu kimepasuka nikadhani ni mguu wangu. Lilikuwa gunia. Makapi ya kahawa yaliruka yakanijaa nywele na mdomo, na katikati ya makapi hayo nikasikia sauti ya Solange, wakati huo mfanyabiashara wa vitenge aliyevuka daraja kutoka Bukavu kila asubuhi: “Gratien! Huyu haiko sambaza, ni muntu!”

Kifundo cha mguu kilivimba kama limau. Walinikalisha katika chumba cha nyuma tulichozoea kulia chakula, mguu kwenye ndoo ya maji baridi, na Solange akaniwekea sahani ya bugali na sambaza za kukaanga mapajani kana kwamba nimejifungua. Gratien alikaa ng'ambo ya meza, viganja vyake vilivyoungua na kamba vimefungwa kwa kitambaa kibichi. Chumba kile kilitengwa na ukumbi kwa ubao mmoja tu, na Mzee alipokuwa na hasira hakujua kunong'ona.

“Anatoka,” tulimsikia akisema. “Kule juu hakuna gunia.”

“Lakini Mzee, ona mikono yake,” Solange alijibu. “Alishika.”

“Alichelewa. Kushika na kuchelewa, njo kuachilia.”

Nilikuwa na kipande cha bugali mkononi na sikuweza kukipeleka mdomoni wala kukirudisha. Gratien alikuwa anautazama ubao ule kana kwamba anamtazama mtu. Kisha akageukia sahani yangu. “Kula,” akasema. “Inapoa.”

Mzee aliingia na hakukaa. Alizungumza na sisi wote wawili huku akinitazama mimi. “Vestine, nisikilize muzuri. Emile amebaki peke yake, mwenzake ameacha. Mguu ukipona, ukitaka unafungwa na Emile, na unaenda mulima, miye sina mashaka. Ukibaki na huyu, mutafanya jaribio ya kuanguka. Wiki tatu kutoka leo. Unapanda mpaka kwa boriti, unaachilia mikono bila kumwambia. Akifungua mukono, mumetoka bote babili.” Alipotoka, Gratien alisema kabla sijafungua mdomo: “Badilisha. Usinionee huruma, Vestine. Huruma haishikake kamba.”

Jibu la akili lilikuwa Emile. Nililijua, na nililala nalo juma zima, mguu juu ya mto. Kilichonizuia hakikuwa wema. Nilikuwa nauona ule mkono wa wiki ya nne, ukifunguka na kufumba, na mimi huku juu nikisema vizuri sana. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilichechemea hadi ufukweni nikapanda mtumbwi wa kwenda Nkombo.

Nilimkuta akishona nyavu na kaka yake mkubwa, mtu wa maneno mengi ambaye hakungoja hata nisalimie. “Gratien! Njo ule samaki alikuponyoka? Amekufuata mpaka nyumbani!” Walinipa viazi vitamu vya kuchemsha na sambaza zilizokauka juani, tukala tumekaa kwenye ukingo wa mtumbwi. Mitumbwi yao huvua mitatu mitatu, imeunganishwa kwa miti mirefu ya mikaratusi na wavu ukining'inia katikati, nayo ilikuwa imevutwa nchi kavu, miti yake imenyooka angani kama pembe za mdudu. Nilimwomba Gratien ashike kamba ya wavu kama anavyoshika kazini. Nikashika upande wa pili, tukazungumza mambo mengine, kisha nikavuta ghafla kwa uzito wangu wote. Mkono wake ukafunguka, ukafumba.

“Umefungua,” nikasema.

“Sijafungua.”

Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe, na aliuona ukimsaliti mchana kweupe. Alikaa chini mchangani. Ni kaka yake aliyeeleza, naye hakujua kwamba anaeleza jambo lolote. “Lazima afungue! Nyavu ikijaa, ukikaza mara moja, inapasuka. Unaipa kidogo, unarudisha. Tulichapwa juu ya ile tukiwa batoto.” Nimewafundisha watu wengi tangu siku ile, darasani na kwingine, na bado sijapata somo kubwa kuliko hilo. Gratien hakuwa mzembe. Alikuwa amenishika kama mvuvi hodari anavyoshika kitu chenye thamani. Alikuwa ananikinga nisipasuke.

Lakini kujua hakutoshi. Huwezi kuuambia mkono usifanye kitu ambacho umekifanya tangu utotoni. Mkono hausikii neno “usi”. Unaweza tu kuupa kitu kingine cha kufanya, na afadhali kiwe kitu unachokijua. Nilikaa nikafikiri, viazi vikipoa, halafu nikamuuliza: “Ku ziwa, kuko kamba yenye haufunguaka mukono? Hata kidogo?”

Aligeuka akaitazama mitumbwi. “Ya kufunga mutumbwi,” akasema. “Wakati mupepo inausukuma ku mawe. Ile ukifungua umepoteza mutumbwi. Ile unaishusha ku paja, unaikalia.” Akasimama anionyeshe. Ngumi ya kulia ikashuka hadi kwenye paja, makalio yakarudi nyuma, mguu mmoja ukatafuta jiwe la kukanyaga. Ndivyo hasa Mzee Ferdinand alivyokuwa akitupigia kelele kwa miezi mitatu.

“Basi, Gratien,” nikamwambia, “miye si nyavu. Miye niko mutumbwi.”

“Mutumbwi gani inatoboka ku mguu!” kaka yake akasema, akacheka mpaka akakohoa. Gratien hakucheka. Alikuwa ameshaanza tena, ngumi, paja, kukaa. Ngumi, paja, kukaa.

Jumatatu nilimwambia Mzee kwamba nabaki. Alinitazama kana kwamba nimekataa dawa, kisha akanipa ufunguo wa depo. Tulijaza gunia mawe mpaka likawa na uzito wangu, tukalifunga kwenye kamba aliyoishika Gratien, tukalipandisha kwa kamba ya pili, na kazi yangu ilikuwa kuliachia bila taarifa. Nilimzungumzisha kwanza, nikamuuliza habari za ziwa, nikamfanya acheke, halafu nikaachia. Siku ya kwanza gunia lilipiga chini mara nne. Juma la kwanza lilipoisha lilipiga mara moja kwa siku. Viganja vyake vilipasuka tena, akavifunga, akarudi. Niligundua kwamba sifa zangu za zamani zilikuwa za uvivu, kwa hiyo nilijifunza kusema nilichokiona: umeshuka kwa wakati, umechelewa, bega lako limepanda. Alipenda hivyo. Alisema sifa zilikuwa zinamlaza usingizi.

Siku moja kabla ya jaribio alilishika gunia mara kumi na moja mfululizo. Mara ya kumi na mbili mkono ukafunguka. Gunia lilitua mbele ya miguu yetu, jiwe moja likatoka likabiringika hadi kwenye kiatu cha Mzee, ambaye alikuwa amesimama mlangoni bila sisi kujua. Aliliokota, akaliweka juu ya meza, akaondoka. Gratien alikuwa anajifungua mkanda. “Emile bado iko,” alisema, hakunitazama. Nilianza kukunja kamba. “Kesho saa nne,” nikasema.

Mvua ilikuwa inanyesha tena. Niliufunga mguu kwa bendeji, nikapaka vidoleni unga mweupe wa kuzuia jasho, tukakaguana mikanda bila kuzungumza. Wote walikuwepo: Emile amekunja mikono, Solange amesimama na mzigo wake wa vitenge kichwani kwa kuwa alikuwa na haraka ya kwenda sokoni lakini hakuweza kuondoka. Nilipanda polepole. Kifundo kiliuma kwenye kila kishikio kidogo. Nilifika kwenye boriti, nikaigusa kama ilivyotakiwa, na hapo nikakuta jambo ambalo katika wiki tatu zote sikulifikiria. Nilikuwa nimeufundisha mkono wa mwenzangu kufumba. Sasa mikono yangu ilikataa kufunguka.

Sijui nilikaa pale kwa muda gani. Unga uliniwasha puani. Nilijiambia sasa, halafu nikajiambia tena sasa, na vidole vilizidi kuzama kwenye mti. Chini Solange aliita, “Vestine, achilia, mama!” na Mzee akasema, “Nyamaza.” Kisha, baada ya muda, kwa sauti ya kawaida kabisa, akasema: “Kuko ngazi pale pembeni. Ukishuka na ngazi, mumetoka. Lakini utashuka muzima.”

Tulikuwa tumekatazwa kutazama chini. Nilitazama. Nilitaka Gratien aniangalie, aniambie nitakushika, nami niamini. Hakuwa ananiangalia. Alikuwa anaitazama kamba, mguu mmoja umekanyaga ubao wa chini wa ukuta, ameshakaa hewani kidogo, na kutoka juu kule niliona shati lake limelowa mgongoni katika baridi ile. Hakuwa na ahadi ya kunipa. Jana yake mkono ulikuwa umefunguka, na yeye hakuujua kuliko nilivyoujua mimi. Alikuwa anangoja kama mimi, apate kujua. Sijui kwa nini hilo lilinituliza kuliko ahadi. Niliondoa mkono wa kushoto. Halafu wa kulia.

Niliona vishikio vikipanda mbele ya macho yangu, chekundu, cha njano, chekundu, nikasubiri makapi. Kisha mkanda ulinikata mapajani kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia, pumzi ikanitoka, kichwa kikatikisika, na nikasimama. Iliniuma vibaya. Hakukuwa na ulaini wowote. Nilizunguka polepole hewani, ukuta, mlango, nyuso, ukuta, huku Solange akipiga yowe na vitenge vikimwanguka, na katika mzunguko wa pili nikamwona Gratien. Kamba ilikuwa imemnyanyua hadi ncha za vidole vya miguu, na ngumi yake ya kulia ilikuwa imegandamana na paja.

“Sawa,” Mzee akasema. “Mumepita. Mushushe.”

Sikushuka.

“Gratien. Nasema mumepita. Mushushe binti wa watu.”

“Ngojeni,” Gratien akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. “Mukono inakataa kufunguka.”

Hakuna aliyecheka. Mzee alimwendea, akapiga magoti mbele yake juu ya magunia, akaikaza kamba chini ya ile ngumi kwa mkono wake mmoja, na kwa mwingine akaanza kumfungua vidole, kimoja kimoja, akianza na kile kidogo.